Kipanya kisicho na waya kinaposumbua: namna ya kumnasa mkosaji hatua kwa hatua

Kishale kinateleza vizuri, ghafla kinaganda. Unatikisa kipanya, kimya. Unakiinua na kukigonga mezani, kinazinduka na kurukia upande wa pili wa skrini. Dakika mbili baadaye ni yale yale. Wengi wakifika hapo hubadilisha betri, na betri isiposaidia hununua kipanya kingine. Hicho kipya nacho kikianza kukwama baada ya siku mbili, lawama zinahamia kwenye laptopu.

Nimeletewa vipanya vingi na ndugu na wafanyakazi wenzangu vikiwa "vimekufa", na sehemu kubwa vilikuwa vizima kabisa. Kibaya kilikuwa ni pale kipokezi kilipochomekwa, au kifaa kilichokaa jirani yake, au mpangilio mmoja wa kubana umeme ndani ya kompyuta. Mimi mwenyewe niliwahi kutupa kipanya kizuri kwa kosa la diski iliyochomekwa karibu nacho, na bado naumia nikikumbuka. Kwa hiyo naomba usianze kwa kutengeneza. Anza kwa kutazama kinasumbua vipi.

Jua kwanza una kipanya cha aina gani

Vipo viwili. Cha kwanza huja na kipokezi cha USB, kile kidude kidogo kama ukucha kinachochomekwa kwenye laptopu. Cha pili hutumia Bluetooth iliyomo ndani ya laptopu na hakina cha kuchomeka. Vingine vina njia zote mbili, na swichi ya kuchagua iko tumboni mwa kipanya. Kigeuze ukione, maana tiba ya hiki si tiba ya kile.

Kinachofanana ni kwamba vyote viwili huzungumza na kompyuta kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, yaani kati ya megahezi 2400 na 2483.5. Kipande hicho cha masafa kimejaa watu: Wi-Fi, spika na visikio vya Bluetooth, kibodi zisizo na waya, hata oveni ya maikrowevu, ambayo hupasha chakula kwa mawimbi ya karibu gigahezi 2.45. Tutalirudia jambo hili kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalowatesa watu wengi bila wao kujua.

Ukiwa bado umekigeuza, angalia kama kina kitufe cha kubadilisha kompyuta, mara nyingi chenye namba 1, 2 na 3. Vipanya vya namna hiyo hukumbuka kompyuta mbili au tatu, na ukikibonyeza kitufe hicho bila kukusudia, kipanya kinahama na kwenda kuitafuta kompyuta isiyokuwepo. Hapo kitaonekana kimekufa kabisa, kumbe kiko kwenye namba 2 na wewe unatumia namba 1.

Kinasumbua vipi?

Kaa nacho dakika kumi, fanya kazi kama kawaida, na utazame.

Kikiganda sekunde moja hivi kila baada ya kukiacha kimya, kisha kikaendelea vizuri, kuna kitu kinalala. Inawezekana ni kipanya chenyewe, tundu la USB au Bluetooth ya laptopu.

Kishale kikikatakata huku mkono wako unasogea, kama video ya intaneti dhaifu, shuku mawimbi. Hasa ikiwa kinakuwa kizuri saa fulani na kibaya saa nyingine.

Kikitetemeka chenyewe wakati hukigusi, au kikaruka pembeni, tazama sehemu unayokisogezea, na tundu la kihisi lililo chini yake.

Kikizima kabisa unapokiinua au kukigonga, kisha kikawaka tena, betri haikai sawa.

Kishale kikiwa sawa lakini bofya moja ikahesabiwa mbili, au faili unalolivuta likaachiwa njiani, hiyo ni swichi iliyochoka. Usipoteze muda na betri wala Wi-Fi.

Na kama vitu vyote vinaganda kwa pamoja, hata herufi unazoandika zinachelewa kutokea, kipanya hakina kosa lolote. Kompyuta imeelemewa. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona programu inayokula kichakataji au kumbukumbu. Kwenye Mac fungua Activity Monitor.

Majaribio manne kabla ya kubadilisha chochote

Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Mtu akibadilisha betri, akahamisha kipokezi na kuwasha upya kompyuta kwa mkupuo, tatizo linaweza kuisha asijue kilicholiondoa. Likirudi wiki ijayo anaanza upya.

1. Kipanya kikikwama, sogeza kishale kwa padi ya kugusa ya laptopu. Kikisogea laini, kosa liko kati ya kipanya na kompyuta. Kikiganda nacho, kosa liko ndani ya kompyuta.

2. Kijaribu kwenye simu. Watu wachache wanajua kwamba simu nyingi za Android hukubali kipanya: cha Bluetooth kinaoanishwa kama visikio, na cha kipokezi huchomekwa kupitia adapta ndogo ya kuunganisha USB kwenye simu. Kishale kitatokea kwenye skrini ya simu. Kikienda vizuri huko kwa robo saa, kipanya ni kizima. Hakuna jaribio ninalolithamini kuliko hili, kwa sababu linamwokoa asiye na kompyuta ya pili.

3. Kiweke juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa. Kikitulia, tatizo lilikuwa meza.

4. Kama ni cha kipokezi, hamishia kipokezi kwenye tundu la upande wa pili wa laptopu, ule uliko mkono wako.

Kuna jaribio la tano kwa wenye kipanya cha kuchajiwa. Baadhi yake, ukichomeka waya wa USB, hugeuka kuwa vipanya vya waya. Kikienda vizuri kwa waya na vibaya bila waya, basi ni mawimbi. Vingine hutumia waya kuchaji tu, hivyo usishangae kisipoitikia.

Betri, na sehemu inapogusa

Betri mpya ya alkali huwa na volti 1.5 na zaidi kidogo. Inapochoka hushuka taratibu hadi karibu volti 1, na huko njiani ndiko kipanya kinapoanza vituko. Hakizimi moja kwa moja. Kipanya hurusha taarifa kwa mafungu mafupi, na kila kinaporusha huvuta umeme kwa ghafla. Betri dhaifu ikivutwa hivyo volti zake hudidimia, fungu moja linapotea, na kishale kinaruka. Ndiyo maana taa inaweza kuwaka na kukudanganya kwamba betri ni nzima.

Betri za kuchaji za AA na AAA za aina ya nikeli zina volti 1.2 tu. Vipanya vingi huzikubali, ila kipimo cha betri kitakuambia zimepungua hata kama umezitoa kwenye chaja sasa hivi. Kipimo hicho kimetengenezwa kwa kufikiria betri ya alkali. Kipuuze, utazame mwenendo. Na kama kipanya kinatumia betri mbili, zibadilishe zote mbili kwa pamoja, za aina moja.

Sasa mguso. Fungua kifuniko na uizungushe betri mahali pake kwa kidole mara kumi hivi. Msuguano huo huondoa ukungu mwembamba unaojijenga kwenye chuma, na mara nyingi ni tiba tosha. Springi ikiwa imelala, ivute kidogo kwa ncha ya bisibisi ili ibane betri. Ukiona unga mweupe, betri ya alkali imevuja. Unga huo huchoma ngozi na ni hatari kwa macho, kwa hiyo vaa glavu. Lowesha pamba kwa siki au maji ya limau, kiasi kidogo tu, ufute hadi chuma kionekane. Asidi hiyo hafifu huua ukali wa alkali. Malizia kwa pamba yenye spiriti ili kuondoa unyevu, uache wazi mpaka pakauke kabisa kabla ya kurudisha betri.

Kwa kipanya chenye betri ya ndani ya kuchaji, angalia umbo. Kifuniko kikianza kuinuka au vitufe vikawa vigumu kubonyea bila sababu, huenda betri ya lithiamu imevimba. Acha kukitumia na usikichaji tena.

Mawimbi

Kipokezi cha USB kina antena ndogo mno, mstari wa shaba tu juu ya kibao chake. Kikishachomekwa, kinakuwa kimegandana na ubavu wa laptopu, na laptopu yenyewe ni chanzo kikubwa cha kelele za redio. Weka juu ya hapo mwili wa laptopu wa chuma, meza ya chuma, au mtu aliyekaa katikati (mwili umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4), utaona kwa nini kipanya kilichoandikiwa mita kumi kinakwama kwenye sentimita sitini.

Mkosaji mkubwa ninayemkuta ni USB 3. Kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. USB 3.0 hupitisha biti bilioni 5 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo waya na viunganishi vyake humwaga kelele za redio zinazoenea kuanzia chini kabisa hadi gigahezi 5. Gigahezi 2.4 iko katikati ya mafuriko hayo. Katika vipimo vyao, kuchomeka diski ya nje ya USB 3.0 kuliinua kelele katika masafa ya gigahezi 2.4 kwa karibu desibeli 20, sawa na kelele yenye nguvu mara mia. Kipanya kinanong'ona, na mtu anapiga ngoma sikioni mwa msikilizaji wake.

Dalili yake ni ya wazi ukishaijua: kipanya kinakwama unaponakili mafaili makubwa kwenda kwenye diski ya nje, na kinapona ukiichomoa. Vifaa vya kuongeza matundu, vile vinavyoingia kwenye tundu la USB-C na kutoa matundu manne na waya wa skrini, ni wabaya zaidi kwa kuwa huweka kila kitu kwenye kisanduku kimoja. Kuchomeka kipokezi cha kipanya kwenye kisanduku hicho, sentimita mbili kutoka kwenye diski, ni kukitafutia matatizo.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Chomoa vifaa vyote vya USB isipokuwa kipokezi. Zima skrini ya nje kama ipo. Tumia kipanya dakika kumi. Kikitulia, rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka kianze kusumbua. Huyo ndiye.

2. Kama laptopu yako ina tundu la USB 2, hamishia kipokezi huko. Matundu ya USB 3 mara nyingi huwa na plastiki ya buluu ndani au alama ya SS pembeni, na ya USB 2 huwa meusi au meupe. Rangi si sheria, watengenezaji wengine hawaifuati, lakini ni mahali pa kuanzia.

3. Nunua au azima waya wa ekstensheni wa USB, hata mfupi wa nusu mita, wa aina ya USB 2. Chomeka kipokezi mwisho wake na ukiweke juu ya meza, mbele ya laptopu, karibu na kipanya na mbali na diski. Watu hudharau dawa hii kwa sababu inaonekana ya kienyeji. Mimi ndiyo ninayoiamini kuliko zote, na baadhi ya watengenezaji wa vipanya hutia waya huo ndani ya boksi.

4. Kisipopona, sogeza kipokezi sentimita tano au sita upande wowote na ujaribu tena. Urefu wa wimbi moja la gigahezi 2.4 ni kama sentimita 12.5, na mawimbi yanayodunda kwenye chuma na kuta hujengana sehemu moja na kuuana sehemu nyingine. Hatua ndogo inaweza kukutoa kwenye shimo.

Upande wa Wi-Fi, ruta nyingi hutoa mitandao miwili, wa gigahezi 2.4 na wa gigahezi 5. Unganisha laptopu kwenye wa 5. Kwa mwenye kipanya cha Bluetooth hili ni muhimu zaidi, kwa sababu katika laptopu nyingi Wi-Fi na Bluetooth hukaa kwenye chipu moja na kugawana antena. Ukishusha faili kubwa kupitia Wi-Fi ya 2.4, chipu inalazimika kupokezana, na kipanya kinasubiri zamu. Bluetooth ina akili ya kurukaruka kati ya chaneli na kuzikwepa zilizochafuka, lakini haiwezi kukwepa antena iliyoshikwa na mwenzake.

Vivyo hivyo visikio vya Bluetooth. Sauti huchukua nafasi kubwa ya redio, na kipanya kinachokatakata kila unaposikiliza muziki au kuingia kwenye mkutano wa video kinaonewa na visikio. Jaribu kutumia visikio vya waya siku moja uone.

Kompyuta inayokilaza kipanya

Laptopu hubana umeme kwa kuzima vifaa visivyotumika, na kifaa kilichotulia sekunde chache huhesabiwa hakitumiki. Kama kipanya kinasinzia zaidi unapochomoa chaja, anzia hapa. Majina ya menyu nayaandika kama yanavyosomeka kwenye Windows ya Kiingereza, ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi.

Kama kipanya hakitembei kabisa, tumia kibodi: shikilia kitufe cha Windows ubonyeze X, kisha M. "Device Manager" itafunguka. Mishale ya kibodi inakupandisha na kukushusha, mshale wa kulia unafungua kundi, na Enter inafungua kifaa.

Kwa kipanya cha kipokezi, fungua kundi la "Universal Serial Bus controllers". Ingia kwenye kila mstari ulioandikwa "USB Root Hub", nenda kwenye ukurasa wa "Power Management", na uondoe alama kwenye maneno "Allow the computer to turn off this device to save power". Kwa kipanya cha Bluetooth, ingia kundi la "Bluetooth", chagua adapta ya laptopu (huwa na jina la mtengenezaji wa chipu), na ufanye vivyo hivyo. Katika baadhi ya laptopu za karibuni ukurasa huo haupo. Usihangaike kuutafuta, nenda hatua inayofuata.

Bonyeza Windows na R, andika powercfg.cpl, kisha Enter. Fungua "Change plan settings", halafu "Change advanced power settings". Ndani ya "USB settings" kuna "USB selective suspend setting". Ifanye "Disabled", hasa upande wa betri. Betri ya laptopu itaisha haraka kidogo zaidi, ila tofauti hiyo ni ndogo kuliko kero ya kipanya kinachosinzia.

Kwenye Linux, kisa hiki mara nyingi hutokea baada ya mtu kutumia amri ya powertop --auto-tune ili betri idumu. Amri hiyo hulaza vifaa vya USB vyote, kipanya kikiwemo, na kipanya kinalala baada ya sekunde mbili tatu na kutaka kubofywa ndipo kiamke. Ingia kwenye powertop, ukurasa wa "Tunables", urudishe kipanya peke yake kuwa "Bad". Neno hilo linatisha bure. Maana yake ni kwamba kifaa hakibaniwi umeme.

Halafu kuna usingizi wa kipanya chenyewe. Cha Bluetooth kilichoachwa dakika kadhaa hukata mawasiliano ili betri yake idumu, na mwendo wa kwanza baada ya hapo unaweza kuchelewa kwa sekunde moja au mbili. Huo si ugonjwa, na hakuna mpangilio wa Windows utakaouondoa.

Kuoanisha upya

Kwa kipanya cha Bluetooth kinachokatika na kuunganika ovyo, kukizima na kukiwasha hakutoshi. Inabidi kompyuta ikisahau kwanza. Nenda kwenye mipangilio ya Bluetooth, kwenye jina la kipanya uchague "Remove device" kwa Windows, au "Forget" kwa Mac. Zima Bluetooth ya laptopu, subiri, iwashe. Kisha shikilia kitufe cha kuoanisha kilicho tumboni mwa kipanya kwa sekunde tatu au zaidi mpaka taa imwekemweke haraka. Sasa kitafute upya. Kama simu yako uliyofanyia jaribio bado inakikumbuka, ifanye ikisahau pia, la sivyo vifaa viwili vinaweza kukigombania.

Ukiwasha upya kompyuta, chagua "Restart" wala si "Shut down". Kwenye Windows yenye "Fast Startup", kuzima kwa "Shut down" huhifadhi hali ya kiini cha mfumo na kuirudisha ilivyokuwa unapowasha, pamoja na kasoro yake. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli.

Kama usumbufu ulianza baada ya Windows kujisasisha, rudi kwenye "Device Manager", ufungue adapta ya Bluetooth, ukurasa wa "Driver", na ujaribu "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, chukua draiva ya Bluetooth, yaani programu ndogo inayokiendesha kifaa hicho, kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako. Usichukue kwenye programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa bofya moja. Nimeona zikileta draiva zisizo zake.

Mtengenezaji wa kipanya naye akiwa na programu ya kusasisha kipanya na kipokezi, itumie. Si kwa sababu ya kukwama tu. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha udhaifu walioupa jina MouseJack: vipokezi vya vipanya kadhaa visivyo vya Bluetooth vingeweza kupokea maandishi ya kibodi bandia kutoka kwa mtu aliye mbali. Baadhi ya watengenezaji walitoa masasisho ya kuziba pengo hilo, na kipokezi cha zamani ambacho hakijawahi kusasishwa huenda bado kiko wazi.

Meza na jicho la kipanya

Chini ya kipanya kuna kamera ndogo inayopiga maelfu ya picha za uso wa meza kila sekunde na kuzilinganisha ili kujua kimesogea wapi. Kioo hakina cha kupigwa picha. Meza inayong'aa hurudisha mwanga na kuipofusha. Unywele mmoja ukijikunja ndani ya tundu hilo, kamera inauona kama meza inayotembea, na kishale kinatetemeka hata kama kipanya kimetulia. Puliza, kisha utoe unywele kwa kijiti cha meno ukiwa umekizima. Usitie maji ndani. Uchafu ulioganda kwenye vijiguu vya plastiki nao uukwangue, kwa sababu unakiinua kipanya na kuiondolea kamera umbali wake.

Usishtuke kama huoni taa nyekundu chini. Vipanya vingi hutumia mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Utazame kupitia kamera ya mbele ya simu. Mara nyingi huonekana kama doa jeupe au la zambarau.

Bofya moja inayokuwa mbili

Hili ni la kimakanika. Ndani ya kila kitufe kuna swichi yenye kipande chembamba cha chuma, na baada ya kubonyezwa mara nyingi sana huanza kudundadunda badala ya kugusa mara moja. Zima kipanya, toa betri, bonyeza vitufe vyote mara ishirini au thelathini, kisha urudishe betri. Wakati mwingine husaidia kwa muda. Tiba ya kudumu ni kubadilisha swichi kwa kuchomelea risasi, na fundi wa redio au simu anaweza kuifanya hata kama hajawahi kufungua kipanya. Gurudumu linaloruka nyuma unapolisogeza mbele huwa limejaa vumbi. Puliza kwa nguvu kutoka pembeni huku ukilizungusha.

Kipokezi kikipotea

Kabla hujanunua kipanya kingine, jua kwamba kipokezi cha vipanya vingi vya bei ndogo kimeoanishwa na kipanya chake kiwandani, na kipokezi cha kipanya kingine kinachofanana nacho hakitakitambua. Wachache huuza vipokezi peke yake. Logitech, kwa mfano, ina kile cha Unifying kilichoanza mwaka 2009 na kinachobeba vifaa hadi sita, na kile cha Logi Bolt cha mwaka 2021. Hivyo viwili haviingiliani, kwa hiyo tafuta alama iliyo chini ya kipanya kabla ya kuagiza. Kipanya chako kikiwa na swichi ya Bluetooth tumboni, huhitaji kipokezi. Igeuze, ukioanishe, uendelee na kazi.